Mzingo wa Shamba la Mama

Baba mkubwa alinigeukia mbele ya ukoo mzima akasema, "Mwalimu, si wewe unafundisha hesabu huko Dutwa? Jumlisha hizo pande, useme kama nimempunja mama yako."

Tulikuwa shambani kwetu Kasoli, asubuhi, jua limeshaanza kuuma. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na shamba ambalo yeye na kaka yake walililima pamoja miaka yote bila kuwekeana mpaka, sasa lilikuwa linagawanywa. Baba mkubwa alichukua kipande cha mraba, kule kwenye udongo mweusi ambako pamba hufika kiunoni. Mama alipewa pembetatu ndefu iliyobanwa kati ya mraba huo na korongo. Vyote viwili alivipima mwenyewe kwa hatua na kamba ya katani, akizunguka, wazee wakimfuata nyuma na kuhesabu kwa sauti.

Mraba ulikuwa na hatua mia moja kila upande. Pembetatu ilikuwa na pande mbili za mia moja na tisini, na upande mfupi wa arobaini. Wanafunzi wangu wangejumlisha hizo bila kukuna kichwa. Mzingo wa mraba ni mia nne. Mzingo wa pembetatu ya mama ni mia nne na ishirini.

"Nimemzidishia ishirini," akasema, "kwa kuwa ni mjane wa mdogo wangu."

Wazee wakaitikia. Shangazi akamshukuru, "Wabeja, kaka."

Hapo hasira ikanipanda, na hasira yangu ni ya karibu, hata darasani wanaijua. Ingekuwa rahisi kama angekuwa anaiba. Lakini nilimtazama usoni nikaona mtu anayeamini kabisa kwamba ametenda wema. Kwake yeye, na kwa kila aliyesimama pale, ukubwa wa shamba ni safari ya kulizunguka. Ukitembea zaidi, una shamba kubwa zaidi. Na swali aliloniuliza lilikuwa na jibu moja tu, nalo lilikuwa upande wake. Nikisema hesabu ya pande iko sawa, nimesema kweli, na mama atabaki na kipande kisichofika hata ekari moja, wakati mwenzake ana mbili na nusu.

Nikibisha, kuna jambo jingine. Mama hana ng'ombe. Shamba letu lililimwa siku zote na maksai wa baba mkubwa, na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa ziwa. Mtu uliyemwaibisha mbele ya ukoo haji kukulimia. Na shamba lisilolimwa, liwe kubwa namna gani, halimlishi mtu.

Mama alikuwa ameinamisha kichwa, anachezea pindo la kitenge. Aliponiona nafungua mdomo akaninong'oneza, "Mwanangu, acha yaishe." Wote walitaka tufunike kombe mwanaharamu apite.

Sikuacha. "Umejumlisha vizuri, baba," nikasema. "Naomba hiyo kamba."

Nilichukua kipande cha kamba nikafunga ncha zake, nikawapa binamu zangu wanne washike kona nne. Nikawaomba wazee waingie ndani. Waliingia wote, baba mkubwa na shangazi pia, na nafasi ikabaki. Mzee mmoja akasema hata mbuzi wake wangeenea. Kisha nikamwambia binamu mmoja aachie, na wale watatu waivute kamba ileile iwe ndefu na nyembamba kama kipande cha mama.

"Msitoke," nikawaambia.

Kamba ilipokazwa walianza kubanana. Kofia ya mtu ikaanguka. Shangazi akasukumwa nje, kisha mzee mmoja, kisha mwingine. Baba mkubwa, ambaye ana mwili, alibaki kwenye ncha, kamba imembana tumboni na mgongoni, hawezi hata kugeuka. Hakuna aliyecheka.

"Kwa hiyo mimi ni mwizi," akasema, bado yumo ndani ya kamba.

Niliogopa kwelikweli. Aliyejibu ni mama, na hakuinua sauti.

"Shemeji, hujaiba. Wewe umepima pembeni. Lakini pamba tunapanda katikati."

Baba mkubwa alijitoa kwenye kamba taratibu. Akaenda kwenye mpaka, akang'oa kigingi, akaingia nacho ndani ya mraba wake, mbali kiasi kwamba wazee walitazamana, akakipigilia kwa jiwe. "Imetosha, mwalimu?" akauliza. Ilitosha. Akaondoka bila kuaga, na chai aliyoandaliwa hakuigusa.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Hakupita tena nyumbani. Mvua ya kwanza ikanyesha, na Jumamosi nilipofika kutoka Dutwa nilimkuta mama ameshika jembe la mkono, anatazama shamba lake jipya. Ng'ambo ya kigingi maksai wa baba mkubwa walikuwa wanalima, tunasikia mjeledi.

"Umenipatia shamba," mama akasema. "Sasa nilime na nini?"

Nilichukua jembe la pili nikaanza kulima kwa hasira, viatu vya kazini vikizama kwenye tope.

Maksai walifika mwisho wa shamba lao, karibu kabisa na kigingi. Hapo ndipo hugeuzwa. Tukaacha kulima, tukatazama, mama ameshika mpini kwa mikono yote miwili. Hawakugeuzwa. Walivuka.

Baba mkubwa alisimamisha jembe mbele yetu. Mimi hakunitazama. "Mwangaluka, mayu," akamwamkia mama kwa heshima. Mama akaitikia. Kisha baba mkubwa akanionyesha kwa kidevu.

"Huyo mwalimu wako avue viatu, aje awaongoze ng'ombe. Leo shamba atalizunguka yeye."

Nilivua viatu, nikashika kamba, nikatangulia mbele ya maksai. Nilishukuru kwamba yeye alikuwa nyuma, kwenye mpini, kwa sababu nilikuwa nalia.