Mabati Manne ya Ruiru

Mvua ilianza mara tu giza lilipoingia, na Syombua akajua kwamba usiku huo hatapika. Jiko lake halikuwa na paa tena. Asubuhi ile mwanawe Kaleli alikuwa amepanda juu, akang'oa misumari, akashusha mabati mawili, akayafunga kwa kamba ya mkonge, akajitwisha na kushika njia ya Ruiru. Watoto wa laini, zile nyumba za wafanyakazi, walimfuata hadi barabarani wakipiga kelele: "Kaleli anahama na paa!" Naye akacheka pamoja nao. Alimwambia mamake atakuwa amerudi kabla ya jua kutua.

Sasa Syombua alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya mlango, mlango umeachwa nusu wazi ingawa matone yalimrukia miguuni. Kila hatua iliyopita nje kwenye matope ilimwinua, na kila ilipopita bila kusimama akaketi tena. Binti zake wawili wadogo walikuwa wamelala baada ya kula viazi baridi. Jirani yake Gathoni alikuwa amekuja kukaa naye, na sasa alikuwa akimtazama anavyoinuka na kuketi.

"Mama Kaleli, utachosha hicho kigoda."

"Si ni changu?"

"Ni chako. Lakini mume wangu bado hajarudi na lori, na amesema atapita Ruiru kuuliza. Ngoja Mburu aje."

Ulikuwa mwaka wa hamsini na moja, kabla ya Hali ya Hatari. Shamba la mkonge lilikuwa mashariki ya Thika, na Syombua alifika hapo kutoka Kangundo akiwa mke mpya wa Nzomo. Nzomo alikata mkonge. Yeye alianika nyuzi kwenye waya pamoja na wanawake wengine. Nzomo alikufa kwa ugonjwa wa kifua, na Syombua akabaki kwenye waya zile zile, maana watoto walikuwa wanataka kula. Shuleni alikaa mwaka mmoja tu, kwa wamisheni, na mpaka leo alisoma Maandiko kwa kidole, neno likifuata neno kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

Lakini watu waliookoka walipoanza kukutana pale laini, Wakamba na Wakikuyu pamoja, alipata kazi isiyohitaji shule. Wengine waliombea wagonjwa, wengine mvua. Yeye aliwaombea waliookoka wakue. "Mtoto akishazaliwa humwachi pale chini," alikuwa akisema. "Unamlea." Basi kila alfajiri, kabla ya kile kipande cha reli kugongwa kuwaita watu kazini, alipiga magoti kando ya mafiga na kuwataja mmoja mmoja. Mke wa karani, aliyegombana na kila mtu kwenye bomba la maji. Mburu, aliyesinzia kwenye ibada. Wambua, aliyeimba kwa sauti kuliko wote lakini hakuwahi kusimama kutoa ushuhuda. Na mwisho Kaleli wake. Akishawaombea, aliwatazama wiki nzima kama mtu anavyotazama miche kitaluni: nani amenyooka, nani amenyauka, nani ametoka mapema kabla ya maombi ya mwisho. Hakuna kitu kilichompita.

Kaleli aliokoka mwezi wa Januari. "Asiwe mtu wa mdomo tu, Bwana," Syombua aliomba kila siku. "Mkuze mpaka mtu amwone aseme, huyu amebadilika." Kukua, akilini mwake, kulikuwa ni kuacha pombe, kuacha matusi, kuoa msichana wa ushirika.

Halafu jioni moja Kaleli aliweka sahani chini, akatazama juu, akamwita mamake kwa Kikamba.

"Mwaitu, siwezi kula chini ya haya mabati."

"Basi njoo ule ndani ya nyumba."

Hakucheka. Alisema atayarudisha kwa mwenyewe, kwenye shamba la kahawa kule Ruiru alikofanya kazi zamani. Syombua hakumuuliza ameyatoa wapi, kwa sababu alijua. Ule usiku miaka mitatu iliyopita Kaleli alifika na Wambua, wamebeba mabati manne kati yao. Mawili yaliingia kwake. Mawili Wambua aliendelea nayo. Asubuhi yake Syombua alimshukuru Mungu kwa jiko lisilovuja, na kwa kutokuwa na haja ya kuuliza.

Ushirika uliposikia nia ya Kaleli uliimba mpaka majirani wakatoka nje. Gathoni alimkumbatia. "Umeona? Hayo ni maombi yako!" Syombua alitabasamu kwa meno. Moyoni alikuwa akisema: Sikuomba hivi.

Mlango ukasukumwa. Syombua akaruka. Lakini hakuwa Kaleli wala Mburu. Alikuwa Wambua, ameloa, koti lake limemshika mwilini.

"Bwana asifiwe, mama. Hajafika?"

"Hajafika."

Aliketi kwenye gunia la posho bila kuambiwa, akakunja mikono. "Mimi nilimwambia. Nilisema, ndugu, tubu mbele za Mungu, inatosha. Mungu ana haja gani na mabati?"

"Mungu hana," Gathoni akasema. "Mwenye mabati anayo."

"Mzungu ana mabati mia. Hata hakujua yamepotea."

"Sasa wewe umejuaje kwamba hakujua?"

Wambua akakohoa, akasema mvua ya mwaka huu ni mbaya kwa kifua. Syombua alimtazama.

Wakakaa hivyo, watu watatu, wakisikiliza lori. Lilipokuja hatimaye, lilisimama mbali kwa sababu ya matope, na Mburu akafika kwa miguu, kofia mkononi. Hakusalimu.

"Yuko hai," alisema, maana aliuona uso wa Syombua. "Lakini amefungiwa. Alimpelekea Mzungu mabati, akamwambia kila kitu, akaomba msamaha. Mzungu alikuwa karibu kucheka. Alimwita askari wake amwangalie huyu mwizi wa ajabu. Halafu akakumbuka yalipotea manne. Akauliza, mawili mengine yako wapi? Kaleli akasema, yale si yangu kuyarudisha. Akaulizwa, ni ya nani? Akanyamaza."

"Akanyamaza," Syombua akarudia.

"Kabisa. Mzungu amekasirika, amemfungia stoo ya magunia. Amesema atakaa humo mpaka ataje mwenzake, na kesho jioni akiwa bado hajataja, ataita polisi."

Gathoni alipiga kofi kwenye paja. "Ngai! Na huyo mwenzake ni nani? Anajua kijana wa watu amefungwa kwa ajili yake?"

Wambua alikuwa akitazama viatu vyake. Syombua alikuwa akimtazama Wambua, na alijua kwamba neno moja lingetosha. Gathoni angelibeba neno hilo hadi mwisho wa laini kabla ya mvua kukatika, Mburu angelipeleka Ruiru kwa lori asubuhi, na Kaleli angekuwa nyumbani saa sita mchana.

"Tuombe," Gathoni akasema. "Mama Kaleli, tuongoze. Wewe ndiye mwombezi wetu."

Wakafumba macho. Syombua akafungua kinywa. "Bwana, kuna ndugu yetu..."

Akaishia hapo. Katika ushirika wao kulikuwa na kosa moja ambalo kila mtu alilijua: kumpiga mtu mawe kwa maombi. Unafumba macho na kusema, Bwana mguse ndugu yetu mwenye jambo hili na lile, umpe ujasiri, umkuze, na kila aliyefumba macho anajua ni nani anayepigwa. Mwaka uliopita mwanamke mmoja alihama ushirika kwa jiwe kama hilo. Na sasa Syombua alilishika lake mkononi. Kila neno la kumwombea Wambua lililomjia lilikuwa na ncha. Alisikia pumzi ya Wambua ikikatika pale kwenye gunia.

"Amina," akasema.

Gathoni akafungua jicho. "Hiyo ndiyo sala?"

"Ndiyo hiyo. Nendeni mkalale. Mburu, kesho nitapanda lori lako."

Gathoni na mumewe wakatoka. Wambua alibaki amesimama kizingitini, nusu ndani nusu nje.

"Mama Kaleli. Yale mawili yako juu ya nyumba ya baba, Kangundo. Mzee amelala chini yake saa hii. Nimfuate nimwambie, baba, toka nje, nakuja kung'oa paa?"

"Sijakuuliza kitu, Wambua."

"Ndiyo maana siwezi kulala," akasema, akaingia mvuani.

Syombua naye hakulala. Alijaribu kuomba na hakuweza. Alimkasirikia Wambua, kisha Kaleli na mdomo wake mgumu, kisha wale walioimba, wenye mapaa yao. Mara mbili alifika mlangoni, amejifunga shuka, tayari kwenda kugonga kwa Gathoni na kulitaja lile jina. Mara mbili alirudi. Hakujua kama alirudi kwa ajili ya Mungu au kwa kumwogopa mwanawe, jinsi ambavyo angemtazama akijua ametolewa kwa bei hiyo.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Alipanda nyuma ya lori la Mburu, chupa ya chai na ugali uliobaki vimefungwa kwenye kanga. Lori lilipoanza kusogea, mtu alikimbia akadandia kwa nyuma. Wambua. Aliinua kola ya koti, akaketi kwenye kona.

Mburu aliwashusha kwenye lango la shamba la kahawa. Mibuni ilimeta kwa maji, na wanawake walikuwa tayari kwenye mistari na madebe yao viunoni. Wambua alisema atangoja pale pale langoni.

"Nimekusindikiza tu, mama."

"Asante," Syombua akasema, akaenda peke yake.

Stoo ilikuwa nyuma ya kiwanda cha kuoshea kahawa, ina mlango wa mbao nzito. Askari mzee alikuwa ameketi mbele yake akila muhogo.

"Wewe ndiye mamake? Mwanao ni mkaidi, mama. Nimemwambia usiku kucha, taja tu, uende zako."

"Mwaitu?" Sauti ya Kaleli ilitoka ndani. "Nyumbani kulinyesha?"

"Kulinyesha."

"Jikoni?"

"Ukipita na mtumbwi unavuka. Umekula?"

"Mzee amenipa muhogo. Usimlalamikie."

Syombua alicheka, na kicheko kikaelekea kuwa kilio, akakimeza. Hapo hapo Mzungu alitoka ofisini, mrefu, soksi hadi magotini. Alikuwa akisema kile Kiswahili chao cha shambani.

"Wewe mama yake? Sema. Bati mbili nimeona. Ingine mbili nani nachukua?"

Jina lilikuwa pale, mbele ya meno. Syombua aliusikia uzito wake. Hatua chache tu nyuma yake kulikuwa na mlango, na nyuma ya mlango mtoto wake aliyelala juu ya magunia. Nani angemlaumu? Hata Mungu, alifikiri, angeelewa mama.

"Bwana," akasema, "sitaki kukudanganya. Namjua."

"Basi sema!"

"Siwezi. Si langu kusema. Ni lake."

Uso wa Mzungu ulipanda rangi. "Kichwa ngumu, mama na toto! Basi yeye nakaa huko. Jioni polisi." Akageuka, akaingia ofisini.

Askari alitikisa kichwa na kurudia muhogo wake. Syombua alipiga magoti mbele ya stoo, kwenye matope. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu jana, aliweza kuomba. Hakufungua kinywa. Aliwataja wote kama alfajiri yoyote, mke wa karani, Mburu, Gathoni, na alipofika kwa Wambua aliona kwamba hakuwa akimtakia chochote kwa faida yake mwenyewe. Alimtakia tu akue. Hali hiyo haikudumu. Alipofika kwa Kaleli hofu ilikuwa imerudi. Lakini kwa dakika ile hali hiyo ilikuwapo.

Alisikia viatu kwenye matope. Wambua alimpita bila kumtazama. Hakuwa amebaki langoni. Alikuwa amemfuata kupitia kwenye mibuni, na alikuwa amesikia. Alivua kofia, akagonga mlango wa ofisi.

"Ni mimi, Bwana," akasema mlango ulipofunguka. "Wa pili ni mimi. Mabati yako juu ya nyumba ya baba yangu."

Wafanyakazi wa kiwandani waliacha kukoroga kahawa.

"Mwaitu!" Kaleli akaita kutoka ndani. "Umemtaja?"

"Sikumtaja. Amekuja mwenyewe."

Mzungu alimtazama Wambua kutoka kichwani mpaka miguuni, akamtazama mama aliyepiga magoti, akasema neno kwa lugha yake.

"Jumapili ijayo wewe leta bati mbili," akasema. "Kama hapana leta, polisi."

"Nitaleta, Bwana."

"Askari! Fungua."

Mzee alifuta mikono, akazungusha ufunguo, akasukuma. Mlango haukusogea; mbao zilikuwa zimevimba kwa mvua. Akasukuma tena. Syombua aliinuka kuja kusaidia, lakini Wambua alikuwa ameshafika, ameweka bega.

"Vuta, Kaleli!" akasema. "Vuta huko ndani!"

"Navuta!"

Mlango ukalia, ukakwama kidogo, kisha ukafunguka.