Moto Mmoja, Mkeka Katikati

Kyela ni nchi ya joto, na mtu wa Tukuyu, kule milimani kwenye baridi, akinisikia nalalamika baridi hucheka. Aje akae huku Ipyana masika yakiwa yamekolea, kanga hazijakauka tangu juzi na godoro limeanza kunuka ukungu, ndipo tuzungumze. Mvua yetu haiumi kwa siku moja. Inachosha kwa sababu haijui kuondoka.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa bado mgeni kwenye ndoa. Nimezaliwa mjini, karibu na soko, katika nyumba ambayo mkaa ulinunuliwa kwa kopo na kiberiti kilikuwa kwenye duka la pili tu. Nikaolewa huku mashambani na kijana wa bodaboda, nikakuta nyumba mbili zinazotazamana kwenye uwanja mmoja: yetu, na ya baba mkwe wangu. Mama mkwe alikuwa amefariki kabla sijaja.

Kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Hakuna chuki ndani yake, ni heshima. Nikimsikia anakuja njiani, naingia migombani mpaka apite. Akinisikia nipo uwanjani, anajikohoza na kusubiri. Hatupeani mikono, hatukai chumba kimoja, hatusemezani. Vijana wengi siku hizi wameyalegeza mambo haya, lakini mzee yule alikuwa wa zamani, na mimi shangazi zangu walinifunda kupita kiasi. Chakula chake nilikipika mimi, mume wangu akakipeleka. Nyumba yenye mtoto haina tabu hiyo, maana mtoto ndiye hubeba sahani. Sisi mtoto tulikuwa bado.

Masika yalipoanza, jiko la mzee, lililojengwa kwa udongo, liliporomoka pamoja na uchaga wake wa kuni. Likabaki langu tu. Hapo ndipo nilipojifunza kubana matumizi, na mwalimu wangu hakuwa mtu, zilikuwa kuni mbichi. Nilizipanga kwenye uchaga juu ya mafiga, moshi wa leo uzikaushe kwa ajili ya kesho. Maharage niliyainjika asubuhi kwenye chungu cha wafinyanzi wa Ikombe, yakishika kuchemka nachomoa kuni na kuyaacha yajimalizie kwa joto la chungu chenyewe. Maji nilikinga kwenye bati. Vyombo nilisugua kwa majivu, sabuni ikabaki ya nguo. Ndizi zilizoangushwa na upepo tulizimaliza kabla hazijaoza, mbalaga, ndizi za kupika, asubuhi na mbalaga jioni, na usipa wachache, dagaa wa ziwani, juu yake kuzifariji. Mchele, huo wetu unaowapa majirani habari kwa harufu kwamba umepika, niliuweka wa Jumapili. Na moto haukuzimwa. Kila jioni nilifukia kisiki kwenye majivu, kwa kuwa njiti za kiberiti zilikuwa zimelainika zote na hakuna hata moja iliyokubali kuwaka.

Kisha mto ukapanda, mume wangu akiwa mjini na pikipiki yake. Alinipigia simu. Akaniambia maji yamepita juu ya daraja, atalala kwa rafiki yake mpaka yapungue. Akaniambia pia nimwangalie baba, asikae kwenye baridi, kifua chake nakijua. Nilikijua kweli. Masika yaliyopita mzee aliugua mapafu, akanusurika, na zahanati walituonya kwamba baridi ikimrudia kifuani tusichelewe kumpeleka. Zahanati yenyewe ilikuwa ng'ambo ya lile daraja. Simu ikazima kabla sijajibu, na kisola cha kuchajia cha juu ya paa kilikuwa hakijaona jua wiki nzima.

Nimwangalie, mtu ambaye sina ruhusa hata ya kumtazama. Niliwaza kwenda kwa jirani, lakini baina yetu mashamba ya mpunga yalikuwa yamegeuka ziwa.

Basi nikapanga yangu. Sahani nikaifunika vizuri, nikavuka uwanja, nikaiweka kwenye kizingiti cha baraza yake, nikajikohoza, nikarudi mbio bila kugeuza shingo. Kisha nikampelekea moto. Niliokota vipande vya chungu kilichovunjika, nikajaza makaa mekundu kwenye kigae kimoja, juu nikafunika kipande cha jani la mgomba, nikakiweka pale pale. Asubuhi kigae na jioni kigae. Nilipojikohoza, kutoka ndani nilisikia kikohozi, nikajua amepokea. Sahani nilizikuta zimerudishwa kizingitini, tupu, zimesuuzwa kwa maji ya mvua. Nikajiona mkamwana hodari. Nikarudi kwangu nikachukua ufagio, nikafagia maji barazani huku moyo umetulia.

Vigae ndivyo vilivyonishtua. Siku moja nilitafuta kipande cha kubebea makaa nikakosa, maana sahani zilikuwa zikirudi lakini vigae havirudi. Nikamvizia mzee mpaka nikasikia mlango wake wa nyuma, akaenda chooni, nami nikakimbia barazani kwake kuvichukua.

Vilikuwa vimepangwa ukutani, mstari mmoja, vyote. Ndani ya kila kimoja kulikuwa na makaa meusi. Vya mwisho mwisho bado vilikuwa na maji. Hakuna hata kigae kimoja kilichofika ndani na moto.

Ilinichukua muda kuelewa, nimesimama pale mvua ya upepo ikinipiga ubavuni kwenye baraza ileile. Mzee alikuwa anasubiri. Nikijikohoza, yeye hatoki. Anasubiri nyayo zangu zivuke uwanja, asije akaniona hata mgongo. Kisha anasikia ufagio wangu upande wa pili, fagia fagia, anajua bado nipo nje, anazidi kusubiri. Anapofungua mlango, jani limepeperushwa na makaa yameshalowa. Wala hakuyatupa. Aliyapanga yakauke, kwa sababu mkaa uliokwisha kuwaka hushika tena jua likitoka, na yeye naye alikuwa mtu wa kubana. Chakula alikuwa anakila kimepoa. Na kile kikohozi nilichokuwa nakipokea kama jibu kilikuwa kikohozi cha kifua.

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, nikazikasirikia adabu zetu, nikaukasirikia ufagio. Pia niliogopa. Niliona waziwazi mume wangu anavuka daraja, anaingia uwanjani, ananiuliza baba yuko wapi.

Nilirudi jikoni nikashusha mkeka tunaoanikia mpunga. Jiko langu lina milango miwili, mmoja wa uwanjani na mmoja wa migombani. Nikaufunga mkeka kwenye boriti kwa kamba za mgomba, ukagawa jiko sehemu mbili, na chini nikaukunja juu kidogo usiungue, mafiga yakabaki katikati. Upande wa migombani nikaweka kigoda na blanketi. Kisha nikatoka, nikasimama chini ya paa la mzee, mgongo umeelekea mlango wake. Alikuwa amesharudi ndani, nilimsikia anakohoa.

Sikujua nitamsemesha vipi mtu nisiyesemezana naye. Mtetea wetu mwekundu alikuwa amejibanza barazani pale, amelowa, amenuna. Nikamsemesha yeye.

"Wewe kuku," nikasema, kwa sauti ya kufika ndani. "Jikoni kuna moto, na katikati nimetundika mkeka. Mlango wa migombani hauna mtu. Anayekaa kwenye baridi na moto upo, ananionea mimi. Mwanawe akija kuniuliza, sina la kujibu."

Nikadhani nimeharibu kila kitu. Halafu sauti ikatoka ndani, imekwaruza.

"Kuku, huyo aliyekutuma ana ulimi." Akakohoa kwanza. "Mwambie ndaga fijo, nashukuru sana. Mwambie atangulie kuingia yeye, mimi nakuja."

Tukakaa hivyo siku zote zilizobaki, yeye kule, mimi huku, moto mmoja. Sahani nilizisukuma chini ya mkeka zikiwa na mvuke wake. Niliijua mikono yake kabla ya uso, mikono mikubwa yenye kucha zilizokatwa vizuri, ikisogeza kuni kutoka upande wake. Alikuwa bahili wa kuni kuliko mimi. Nikiongeza ya tatu, mkono unatokea na kuirudisha nyuma, naye anamwambia kuku kwamba watu wa mjini hupika kama wanachoma tanuri la matofali. Nami namwambia kuku kwamba maharage hayaivi kwa maneno. Mtetea, ambaye alikuwa amehamia jikoni kwa ajili ya joto, alilala tu.

Kidogo kidogo alianza kumweleza kuku mambo mengine. Jinsi mke wake alivyokuwa akizika chumvi kwenye mpunga isiyeyuke. Jinsi walivyojengewa jiko lile na ndugu zake, na alivyolisikia likianguka akashindwa kutoka kuliona. Baba yangu mzazi alifariki nikiwa mchanga, sauti yake siikumbuki kabisa. Nilikuwa najikuta nachelewesha kuosha vyombo ili nisikilize. Kikohozi kilipungua, kikabaki cha alfajiri tu, kisha nikaacha kukisikia. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, na upande wa pili mtu akaitika amina.

Maji yaliposhuka, mume wangu alirudi na gunia la mkaa amelifunga nyuma ya pikipiki. Alimkuta baba yake mzima akafurahi sana, alinishukuru mbele ya majirani waliokuja kutupa pole. Kisha akatengeneza mambo yakae sawa. Akawasha jiko la mkaa kwenye nyumba ya mzee, akapeleka kigoda na blanketi kule, akaufungua mkeka akaukunja, akasema sasa hakuna haja tena ya kumsumbua mzee kupita migombani. Alikuwa sahihi. Nilipika jioni ile katika jiko ambalo ghafla lilikuwa kubwa, nikaweka kuni ya tatu, na hakuna mkono uliotokea kuirudisha. Niliumia, nikajifanya ni moshi.

Chakula mume wangu alikipeleka ng'ambo ya uwanja, akarudi, akakaa kula. Mvua ilikuwa imeanza tena, nyepesi. Mtetea aliinuka pembeni, akatoka kwa mlango wa migombani, akasimama hapo nje. Ndipo tukasikia mtu anajikohoza, kile kikohozi cha zamani cha heshima, na sauti.

"Kuku," ilisema, "waulize humo ndani, mkaa wote huu wa kuwasha majiko mawili ni wa nini? Moto mmoja ulikuwa unatutosha."

Mume wangu akanitazama, kisha akamtazama kuku. Mimi nilikuwa nimeshapanda juu ya kinu, mkeka begani, naipapasa boriti kutafuta mahali pa kufunga kamba.