Ua la Theluji la Cyril

Enid Thackray alipofukua chungu chake cha maua Februari ile, mkono ulitoka na uozo mtupu. Ua la theluji la marehemu mumewe Cyril, lile jeupe la msimu wa baridi, lililojaa petali kama sketi ya malinda, aliloliotesha yeye Cyril na lisilopatikana kwingine, lilikuwa limeliwa na ukungu hadi kitunguu cha mwisho kinachochipuza ua. Akiba haiozi, wanasema. Wee! Hii ilioza.

Na alijitakia. Wapenzi wa maua haya wana desturi yao: ukilipenda ua, mgawie mwenzio, lako likifa ukaombe kwake. Cyril alimgawia dada yake Doreen. Enid, tangu agombane na wifi huyo kwenye mazishi ya Cyril, hakumgawia mtu hata jani.

Sasa alikuwa amemeza kiburi, amepiga magoti bustanini kwa Doreen, mbele ya maua yaliyojaa petali, yote meupe, yote yameinama. Vibao vya majina vimeng'olewa na ndege, haijulikani lipi la Cyril.

"Haya wifi, chagua," Doreen alisema, mikono kiunoni. "Unachimba mara moja tu. Sitaki bustani yangu ifukuliwe kama imeingiliwa na fuko."

"Kwani wewe hulijui?"

"Ningelijua ningekuacha utambae na magoti yako hayo mabovu?"

La Cyril lilikuwa na alama ya kijani iliyokatika katikati, kwenye petali za ndani kabisa, na kwa baridi ile maua yalikuwa yamejifunga. Enid akaliinua la kwanza kwa kidole, akalifunika kwa viganja, akalipulizia pumzi hadi likalegea. Alama nzima. La pili, nzima. Lililofuata pia. Akaanza kulia kwa hasira. Chini ya ukuta lilibaki moja, limejitenga. Akalipulizia, likafunguka. Alama imekatika.

"Ndilo," alisema.

Doreen akachuchumaa, akalitazama sana, akampa sepetu ndogo. "Lichukue."

Enid akafukua kwa kidole. Kitunguu kimoja tu, hakina hata kitoto. Akikihamisha kikafa, basi, ua la Cyril limekwisha duniani. Alikitaka, jamani, alikitaka mno. Akaurudisha udongo, akaushindilia.

"Kikae. Kikizaa, utanigawia."

"Itachukua miaka, Enid. Na uzee wetu huu?"

"Basi nitakuja kuliangalia."

"Kila Februari?"

"Kila Jumapili. Nakujua wewe, utalikanyaga."

Doreen alicheka huku akifuta machozi, akaenda kubandika birika.