Uzio wa Kumwachisha Ndama Kunyonya

Niliporudi kwetu Izia, Sumbawanga, na diploma ya mifugo, niliyojilipia mwenyewe kwa kukaanga chipsi jioni, nilimkuta mama yangu ameshaamua. Ng'ombe wake wachache angemkabidhi jirani, mfugaji aliyehamia kutoka Usukumani, awachunge pamoja na wa kwake. Yaani mimi, mtaalamu pekee katika ukoo mzima, nisimame nikitazama mikia ya ng'ombe wetu ikielekea kwa watu! Nikamwomba anipe ndama mmoja tu, nimwachishe kunyonya kwa amani. Nikishindwa, awapeleke wote.

"Kwa jirani wanampaka mama mtu mavi kwenye chuchu," alisema. "Ndama akionja, anaacha."

"Na anapiga kelele mtaa mzima haulali. Mimi nina njia ya kistaarabu, mama."

Njia yenyewe ni uzio. Ng'ombe upande huu, ndama upande ule; waonane, wanusane, ila asinyonye. Huku kwetu kwenye majani matupu miti ya kujengea ni ya kutafuta, kwa hiyo niliacha nafasi pana kati ya mti na mti. Nikamweleza mama kwamba huo ndio upana wa kitaalamu, wa pua kupita kusalimiana.

Ndama hakulia hata kidogo. Jirani akaja kuchungulia, nami nikawaita na watu waliokuwa wanatoka misa. Nikapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikawahutubia kuhusu afya ya ndama, faida za elimu, na kidogo kuhusu mimi mwenyewe.

Mama akaingia na chombo cha kukamulia. Akakamua, akakamua, hata kikombe cha chai hakikujaa.

"Baba, huyu ng'ombe maziwa kayapeleka wapi?" akaniuliza.

Ng'ombe akageuka. Akarudi kinyumenyume taratibu, kama lori linaloegeshwa sokoni, mpaka makalio yakagusa uzio. Ndama akapenyeza kichwa kwenye ule upana wa kitaalamu, akaanza kutafuta yaliyobaki, mkia ukicheza.

Jirani alishikilia uzio asianguke kwa kicheko. "Bwana diploma, umewajengea hoteli!"

"Na dirisha la kuagizia lipo!" akadakia mama mmoja wa kwaya.

"Nashukuru mmejionea," nikasema bila kushuka kwenye ndoo. "Hatua ya kwanza ni kumtambua mkosaji. Kumbe ni mama mtu."

"Hatua ya pili iwe leo," mama akajibu. "La sivyo, jirani aje na fimbo yake awaswage."

Jioni ile nilijenga uzio wa pili, hatua moja kutoka ule wa kwanza. Miti ilipopungua nikang'oa chaga za kitanda changu nilichotoka nacho mjini. Nikalala chini, na baridi ya Sumbawanga haiulizi mtu ana diploma gani. Lakini sasa ng'ombe na mwanawe waliweza kutazamana tu. Ndama alinung'unika, akazunguka, mwisho akayagundua majani niliyomkatia. Alipoyazoea, alisahau hata kugeuza shingo. Na chombo cha mama kikaanza kujaa mpaka povu linamwagika.

Siku jirani alipokuja na fimbo, mama alimpokea mlangoni.

"Shikamoo mama. Nimewafuata ng'ombe."

"Marahaba. Hawatoki. Kijana wangu anawaweza."

Nilijifanya nafagia banda ili wasinione ninavyotabasamu. Kisha nikaona ni dhambi kuficha kitu kizuri namna ile. Nikatupa fagio, nikatoka, nikaenda kutabasamia barabarani.