Taa Iliyovishwa Debe

Saverio Ochan alistaafu upolisi, ila upolisi haukumstaafu yeye. Hata mkewe Joska akimwambia "kaa", husimama kwanza kungoja aambiwe akae wapi. Mwaka wa sabini na nne alikuwa mlinzi wa baa ya Sajini Abudu, ufukweni mwa ziwa, huko chini ya Kansanga, pale nilipokuwa nikikaanga samaki wa ngege.

Sajini alifunga taa kubwa ya umeme mlangoni, akatoa amri moja: "Taa hii isizimike. Ikizimika, na wewe utazimika." Siku zile za utawala wa wanajeshi, maneno kama hayo hatukuyacheka mpaka msemaji aende zake.

Taabu ikawa kobe wa majini. Hufukia mayai mchangani, na vitoto vikitoka jioni hufuata weupe wa maji. Sasa vikafuata taa. Vikaishia chini ya viti, vikikanyagwa na mabuti ya walevi. Saverio akawa anavizoa kwa karai langu kuvipeleka ziwani.

"Mzee, hawa umewazaa lini?" nikamuuliza.

"Cheka tu, Mama Kulusum. Jana nimezika kumi na mmoja."

Kweli alivizika, tena kwa mstari. Nikapunguza kucheka.

Kuzima hawezi, amri ni amri. Akafikiri siku mbili, akaja kuomba debe langu la mafuta, tupu kama maduka ya mjini. Akalikata upande mmoja, akaivisha taa. Mwanga ukaangukia mlangoni tu, mchanga ukabaki na giza lake.

Saa moja jioni Sajini akafika. "Wewe mzee! Taa yangu iko wapi?"

"Iko kazini, afande. Haijazimika. Imevaa nguo."

Samaki wangu wakaungua, nimesahau kugeuza. Sajini akainua mkono. Kabla haujashuka, kapteni mmoja akaita kutoka ndani: "Abudu, wacha hiyo debe! Leo bibi yangu amepita barabarani mara mbili, hakuona gari yangu ya jipu hapa nje."

Wenzake wakagonga meza. Sajini akajikuna kichwa kwa mkono uleule, kama ndiyo safari yake tangu mwanzo.

"Na taa ya nyuma ya baa? Mbona iko uchi?"

"Sikupata amri, afande."

Akaipata. Mimi nikapoteza debe la pili. Vitoto vikashuka majini vyenyewe, Saverio kasimama wima anavihesabu.

"Thelathini na wawili. Wote wapo!"

Nikamuuliza mbona hajawaamuru kugeuka kulia.