Mgeni wa Kila Asubuhi

Juzi nilikwenda Kibirichia kununua mbegu za viazi kwa bibi mmoja mjane ninayemfahamu. Tangu alipoanguka, wanawe wamemwajiri mhudumu wa wazee, mama aliyesomea kazi hiyo, awe akija kila asubuhi. Nilimkuta mhudumu ameketi na kikombe cha chai. Bibi ndiye aliyekuwa akimenya viazi, fimbo yake ikiegemea ukuta.

Mara akaingia kitindamimba wa bibi kutoka Nairobi.

"Madam, ni nani ameajiriwa hapa?"

Mhudumu akaweka kikombe chini. "Nilipoanza kazi alikuwa hatoki kitandani. Aliamka siku aliponiona mimi, mgeni wake, sijapewa chai."

"Basi kazi imeisha. Mama, tunaenda Nairobi."

Bibi hakuinua macho. "Huko nitampikia nani? Wewe hata hapa hungoji chai ipoe, unaangalia saa tu."

Yule bwana alivuta mkono wa koti ukafunika saa, kisha akatafuta kigoda. Bibi akaongeza viazi sufuriani.

Tangu siku hiyo najiuliza: huko chuoni alikosomea mhudumu yule, somo la kukubali kupikiwa hufundishwa mwaka wa ngapi?