Mwaka Ambao Mtu wa Maziwa Alikuwa Adui

Kila mwaka unapoisha mimi hukaa chini na kuchagua mambo yaliyonifurahisha zaidi katika filamu, sopu za televisheni, katuni na michezo ya kompyuta. Hakuna aliyenituma. Ni ugonjwa wangu tangu utotoni, na nimezunguka nao nchi hii nikifunga madishi ya televisheni kwenye paa za watu, kisha nikichungulia sebuleni kuona wanatazama nini.

Mwaka uliopita ulikuwa na mengi. Vijana walivaa kama watu wa katuni za Kijapani wakatembea katikati ya mji wa Eldoret, mmoja na upanga wa mbao uliopakwa rangi ya fedha, na askari wa kaunti akaomba kupigwa picha naye. Nilimaliza mchezo wa kompyuta ulionishinda tangu nikiwa bado na nywele. Hayo yote ni mazuri. Lakini nikiambiwa nibaki na kitu kimoja tu, nitabaki na sauti niliyoisikia kwenye simu nikiwa Lodwar, ikitoka sebuleni kwa dada yangu, mtaani Kimumu, Eldoret.

Dada yangu ndiye mkubwa wetu. Presha ya macho ilimsumbua kwa miaka, na mwanzoni mwa mwaka huo ikamaliza kazi yake, akawa haoni kabisa. Nilipofika kumwona, aliyajua mambo ya nyumba yake kwa mikono, hata chai alipika mwenyewe. Kitu kimoja tu alikuwa amekiacha. Televisheni ilifunikwa kitambaa cha meza, na juu ya kitambaa akaweka chombo cha maua.

Alikuwa akifuata sopu moja ya Kituruki, yenye maandishi ya Kiingereza chini. Macho yalimwacha katikati ya hadithi, bibi harusi akiwa amenyang'anywa mtoto na hajui amefichwa wapi. Nilimuuliza kwa nini asisikilize tu. Akasema anasikia watu wakilia kwa lugha ya watu, na hajui wanalilia nini. Aliniambia niipeleke ile televisheni ikauzwe. Alilisema hilo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetoa viatu vilivyombana, na ndiyo maana liliniuma.

Sikuipeleka. Nilienda duka la muvi mjini nikajaziwa sopu yote kwenye flashi, kisha nikaondoa maua.

Mimi na dada yangu tulikulia Ainabkoi. Pale senta penye maduka, nyuma ya posho mill ya kusagia mahindi, kulikuwa na banda la video, na Jumapili baada ya kanisa alikuwa akinipeleka. Filamu zilikuwa za Kichina na Kihindi, kwa hivyo mwenye banda alisimama kando ya televisheni na fimbo na kutusimulia kwa Kiswahili. Shujaa aliitwa stelingi. Wengine wote aliwapa majina ya watu tuliowajua. Adui alipewa cheo cha yeyote aliyeudhi senta wiki hiyo: leo Karani wa Maziwa, Jumapili ijayo Mpima Mashamba. Watu walicheka mpaka mabati yakalia.

Basi nilianza kumsimulia dada yangu namna hiyo. Mara ya kwanza niliharibu. Nilimweleza rangi ya mapazia, magari, bahari inavyong'aa. Alivumilia kidogo, kisha akasema, "Wewe kijana, mimi sinunui hiyo nyumba. Niambie nani anaangalia nani."

Nikaanza kumwambia nani anaangalia nani. Ikawa rahisi. Tulitazama saa kumi na moja jioni, chai ikiwa mezani. Siku moja akaingia kwenye hadithi mwanamume aliyevaa koti refu jeupe, yule aliyemficha mtoto, na wakati huohuo mzee anayetuletea maziwa kutoka Kapseret akagonga geti. Yeye pia huvaa koti jeupe. Nikasema, "Sasa ameingia Mtu wa Maziwa." Dada yangu akacheka. Tangu nifike sikuwa nimemsikia akicheka, kwa hivyo jina likakaa.

Kosa langu ni kwamba nilichukua desturi ya banda nusu. Kule filamu iliisha jioni ileile, na Jumapili iliyofuata cheo cha adui kikahamia kwa mtu mwingine. Hakuna aliyebebeshwa uovu kwa muda mrefu. Sopu huchukua miezi. Kwa miezi hiyo, kila jioni, nilimwambia dada yangu kwamba Mtu wa Maziwa amedanganya, Mtu wa Maziwa amechoma hati ya shamba, Mtu wa Maziwa amemwambia mtoto kuwa mamake alikufa. Na kila jioni, katikati ya uovu huo, geti lilikuwa likigongwa.

Dada yangu alianza kunusa maziwa kabla ya kuyapokea. Halafu akaacha kuuliza habari za nyumbani kwa mzee. Mwisho akawa anapokea jagi bila kusema asante, na huyu ni mwanamke anayemshukuru hata mtu wa kusoma mita ya stima.

Mzee alinisubiri getini siku moja akiwa ameegemea bodaboda yake. Akaniuliza kama maziwa yake yana shida, kwa sababu Mama amebadilika. Ilibidi nimweleze yote, mpaka koti. Alinisikiliza bila kucheka. Nilipomaliza akauliza swali moja tu.

"Na huyo mtu, mtoto alimficha kwa nini?"

Nikamwambia bado hatujafika hapo. Akasema basi atakuja aone.

Kesho yake alivua gambuti mlangoni, akaketi kwenye ukingo wa kiti na kofia mapajani. Dada yangu alikaza uso. Nilisimulia kwa tahadhari, lakini sopu haikuwa na tahadhari: siku hiyo adui alimfukuza bibi harusi kwenye mvua. Mzee akakohoa.

"Mama, mimi naona hapo mwenye koti ameonewa. Huyu bibi harusi aliingia kwa mtu bila kubisha hodi."

"Mtoto ni wake. Abishe ya nini?"

"Hata kama. Boma ya mtu ni boma ya mtu."

Walibishana mpaka chai ikapoa, nami nikasimamisha picha. Kutoka siku hiyo alikuwa akija kila jioni, maziwa kwanza, kesi baadaye. Alimtetea yule wa Kituruki kama shemeji yake. Dada yangu alimjibu mzee huku akimmiminia chai, na habari za nyumbani kwake akaanza kuuliza tena.

Kisha nikapigiwa simu. Kulikuwa na kazi ya madishi Lodwar, ya muda mrefu. Ukweli ni kwamba miguu ilikuwa imeshaanza kuniwasha kabla ya simu kulia. Mimi sijawahi kuona mvua mbili nikiwa mahali pamoja. Lakini sopu ilikuwa haijaisha na mtoto alikuwa hajapatikana. Nilimwahidi dada yangu kwamba nitakuwa namsimulia kwa simu. Yeye alikuwa ananifahamu.

"Enda," akasema. "Ile imebaki nitakisia." Kisha akauliza kile chombo cha maua nilikiweka wapi.

Niliondoka asubuhi na swali hilo.

Wiki za kwanza Lodwar mtandao ulikuwa mbaya. Siku niliyopata mnara, nikapiga saa kumi na moja jioni, nikiwa nimejiandaa kusimulia kwa yale niliyoyakumbuka. Dada yangu alishika simu akasema, "Usiongee. Tuko katikati." Akaiweka mezani bila kuikata.

Nilikaa juu ya paa la watu, jua likiniangalia usoni, nikasikiliza. Kwanza muziki, halafu sauti ya mzee, polepole, kama anayemwongoza ng'ombe mlangoni. Maandishi ya chini hakuyagusa kabisa. Alisoma nyuso.

"Sasa wamekuja watu kumchukua Mtu wa Maziwa. Wanampeleka hospitali."

"Hospitali gani? Mimi nimesikia pingu."

Muziki ukapanda.

"Ni pingu, Mama. Wamemfunga." Akakohoa. "Lakini ameangalia yule mtoto. Analia."

"Analia, ama ni wewe?"

"Analia. Hata mamake mtoto ameona."

Nilisikia kikombe kikiwekwa chini. Kisha dada yangu akasema kwa upole, "Basi mtoto amerudi," na mzee akasema ndiyo, amerudi, ameshika sketi ya mamake.

Kipande hicho nimekitazama mwenyewe baadaye. Yule mtu anaingia garini akiwa ametupa mgongo, na uso wake hauonekani. Sijamwambia dada yangu, na hajaniuliza.

Televisheni haijarudishiwa kitambaa. Wameanza sopu nyingine, ya Kikorea, na mzee ndiye mwenye fimbo sasa. Kwa kuwa hadithi ni mpya, cheo cha adui kimehama, kama ilivyokuwa Ainabkoi. Huyu wa sasa ni kijana mtanashati anayeacha watu wake na kuzurura, na jina lake ni Mtu wa Dishi.

Juzi nilipopiga simu, dada yangu alinijibu kwa ubaridi. Hakuniuliza kama nimekula. Nikamwomba ampe mzee simu kidogo, nijue wiki hii nimefanya nini.